Imekubali, Lakini Imekubalije?

Wapendwa, naomba mnisamehe mapema, kabla sijakosea, ili nikikosea tuwe tumeshamalizana. Mfano wa leo nausimulia vibaya. Msidhani najinyenyekeza, hiyo ni taarifa. Asubuhi nilikuwa naufanyia mazoezi huku napiga pasi shati hili, mke wangu akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Tunu, hadithi ni nzuri. Tatizo ni wewe." Akageuka kuondoka, akarudi. "Na shati umeliunguza."

Basi mlivumilie tatizo, na huku mgongoni msiangalie.

Ngoja kwanza nijipatie nafasi. Mimbari hii siku hizi imejaa makorokoro: maua, waya, chupa za maji, na hiki kidude chenye vitufe ambacho sijui nani kaniwekea. Sogea huko, wewe. Nimekisukuma kwa kiwiko, kimelia tap, kimetulia. Vizuri. Na ninyi ndugu zangu wa banda la nyuma, mliokuwa mkilalamika kila Jumapili kwamba neno haliwafikii, leo mna spika yenu wenyewe. Visingizio vimekwisha.

Haya. Kulikuwa na mama mmoja mtotoleshaji wa vifaranga.

Hapa kwetu Singida sina haja ya kueleza habari za kuku. Mtoto wa hapa anamjua kuku kabla hajamjua shangazi yake. Lakini huyu mama hakuwa mfugaji wa kubahatisha. Ilikuwa ndiyo kazi yake. Alikuwa na mashine ya kutotoleshea, sanduku la mbao lenye taa ndani na kioo kidogo mlangoni, na akina mama wa mtaa mzima walimletea mayai. Huyu katia alama ya mkaa, yule kachora msalaba, mwingine kapaka rangi ya kucha, ili siku ya siku pasitokee ugomvi wa kifaranga cha nani. Msimu ule mayai yakawa mengi kuliko sanduku lake, basi nusu akampelekea wifi yake wa kijiji cha pili, mwenye sanduku la namna ileile, kazi ya fundi yuleyule.

Sasa fikiria mzigo alioubeba. Mayai yale yakiharibika, hasara ya kuku ni sehemu ndogo. Utapita wapi? Bombani wako wenye mayai, sokoni wako wao, na kanisani, samahani, wako mstari wa mbele.

Ikafika siku ya kutoka. Asubuhi na mapema mayai yakaanza kudonolewa kwa ndani, tundu dogo hapa, tundu dogo pale, na kwenye kila tundu ncha ya mdomo. Mama akafungua mlango, akaangalia, akashangilia, akafunga. Akasonga ugali, akafanya shughuli zake, akarudi. Tundu ni lilelile. Akafungua, akaangalia, akafunga. Jua likapanda. Hakuna aliyetoka. Mle ndani ya maganda sauti zinasikika, pii, pii, lakini zinazidi kuwa ndogo.

Nimeuona mkono wako, Mama Msengi, nimeuona. Shusha kwanza. Maswali mwisho.

Mama akachukua simu. Alikuwa mwanachama wa jukwaa moja la mtandaoni la watu wa kazi yake. Humo mna madaktari wa mifugo, mna wanaounda hizo mashine, mna wenye mashamba makubwa, watu kutoka Bukoba mpaka Mtwara. Jibu lake lilikuwemo humo, limekaa linasubiri kuitwa. Na mama akaandika. Akaandika nini?

"Hodi humu ndani. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Poleni na majukumu ya kutwa. Nina swali, naomba ruhusa ya kuuliza."

Akaiweka simu mezani, akakunja mikono mapajani, akasubiri aambiwe "karibu".

Msicheke sana, ninyi wa mbele. Wa nyuma wametulia vizuri, waigeni. Kwani mama yule alikosea wapi? Alilelewa! Sisi tulifundishwa kwamba mtu hafiki uani kwa mwenzake na kupiga kelele, "Nipe chumvi!" Unabisha hodi. Unakaribishwa. Unaulizia mbuzi aliyekuwa anaumwa. Unakunywa chai, unasifia ukuta. Unaaga. Ukishafika mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, ndipo unasema, "Aah, halafu dada, chumvi kwako ipo?" Nani humu hajawahi kwenda hivyo? Mzee Ntandu, usitazame pembeni. Jembe langu uliliazima hivyohivyo.

Huo ni ustaarabu, na siufuti. Lakini nyumba ina mwenyewe. Ukibisha hodi, yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema karibu. Jukwaa halina mwenyewe. Wote ni wageni sebuleni, wote wamesikia hodi, na kila mmoja anadhani ataitika mwingine.

Mmoja akaandika, "Marahaba." Baada ya kitambo mwingine akatuma picha ya ua waridi. Wa tatu akaandika "Ameni," sijui aliitikia nini. Wa nne akatangaza kwamba anauza pumba. Mama akaenda kwenye mashine, akafungua, akaangalia, akafunga.

Mwishowe mtu akauliza, "Swali gani, mama?"

"Ni kuhusu mashine yangu."

"Ina nini?"

"Inanisumbua."

"Inakusumbuaje?"

"Haitoi."

Wapendwa, ilikuwa kama kumbembeleza konokono atoke kwenye gamba lake. Na kati ya jibu na jibu, kila mara, mama anakwenda kwenye mashine. Anafungua, anaangalia, anafunga.

Sasa humo jukwaani mlikuwa na mzee mmoja aliyeogopwa. Uso wake hakuna aliyeujua, maana picha yake ilikuwa ya kofia, kofia tu, imewekwa juu ya kiti. Mjuzi hasa. Lakini siku hiyo alikuwa mezani, tonge liko nusu ya safari, simu inalia ti, ti, ti: haitoi, haitoi nini, inasumbua. Akaandika kwa mkono wa kushoto:

"Mama, hapa si kwa mganga. Hatupigi ramli. Sema shida yako."

Jukwaa lote likacheka. Zile sura za kucheka mpaka machozi zikajipanga kama shanga.

Mama akasoma. Machozi yakamjia, na hayakuwa ya kucheka. Akasema peke yake jikoni, "Kumbe kuuliza ni kosa." Akataka kuizima simu asirudi tena humo. Na angeizima, wapendwa. Wangapi wamezima? Wangapi waliuliza mara moja, wakachekwa, na mpaka leo wanakosea kimyakimya? Kilichomzuia ni ile sauti ndani ya sanduku. Pii. Akaumeza uchungu. Mama mwenye vifaranga hana muda wa kununa.

Mama Msengi, huo mkono utakauka! Kuna mfano hapa unaendelea, mama. Kaa. Ndiyo, kaa. Wa nyuma leo wana haraka gani?

Naye yule mzee wa kofia, msimhukumu. Tonge lilipoteremka, akayasoma maneno yake mwenyewe, akaona hayana chumvi. Akaandika tena:

"Mama, nisamehe. Njaa ndiyo iliyoandika, mimi nilikuwa sijafika. Sasa tuandikie yote kwa pamoja. Mashine ni ya namna gani, joto likoje, maji yapo kiasi gani, umeona nini, na tangu asubuhi umefanya nini. Usifiche kitu, hata kile unachokiona cha kijinga."

Mama akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuandika kama mtu anayeungama.

"Mashine yangu ni ya sanduku, ya taa. Joto liko sawa. Maji kwenye kisahani yamebaki kidogo. Vifaranga wametoboa tangu asubuhi ila hawatoki. Utando wa ndani ya ganda umekauka kama karatasi, umewagandia mwilini. Nilichofanya ni hiki. Nilifungua nikaangalia, nikafunga. Baadaye nikafungua nikaangalia, nikafunga. Kisha alipita jirani, nikafungua nikamwonyesha, nikafunga. Kisha nikafungua nikawaimbia kidogo kuwatia moyo, nikafunga. Kisha nikafungua..."

Kidole kikasimama hewani.

Akasoma alichoandika. Utando umekauka. Nikafungua. Utando umekauka. Nikafungua, nikafungua, nikafungua.

Akina mama, nisaidieni. Ukishaweka wali ukafunika, halafu kila dakika unafunua kuchungulia, unapata nini? Mvuke wote unaishia usoni kwako, na mchele unabaki mchele. Yai la siku ya kutoka ni vivyo hivyo. Linataka unyevunyevu ule wa ndani ili utando ulainike, kifaranga ageuke, avunje, atoke. Mama alikuwa anawakausha watoto wake kwa kuwahurumia.

Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe, kwa kuliandika swali vizuri. Swali lililonyooka lina tabia hiyo, wakati mwingine linafika kwako na jibu lake mkononi.

Akaruka. Akachemsha maji yakawa vuguvugu, akakijaza kisahani, akalowesha kitambaa akakiweka ndani, akafunga mlango, akaufunga na kwa mtandio wake, mafundo mawili, halafu akakaa akaipa mashine mgongo ili macho yasimshawishi. Na lile swali lake refu? Hakulituma. Akalifuta. Herufi moja moja, akirudi nyuma, kama mtu anayefagia nyayo zake. Atasemaje mbele ya madaktari kwamba siku nzima alikuwa anachungulia na kuimba?

Alasiri, huko nyuma ya mgongo wake, kra! Halafu kra nyingine. Hakugeuka. Zilipokuwa nyingi kiasi kwamba hazihesabiki, akafungua fundo. Wapendwa, sanduku limejaa! Wengine wamelowa bado, wengine wameshakuwa pamba, wa alama ya mkaa wamelala juu ya wa rangi ya kucha, ugomvi umekwisha. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna posa.

Akachukua simu. Akaandika kwa furaha yote aliyokuwa nayo:

"Imekubali! Mungu ni mwema!"

Jukwaa likaitikia, ameni, ameni, maua, vigelegele vya maandishi. Mzee wa kofia naye akaandika, "Hongera sana, mama. Imekubalije?"

Mama akaisoma. Akailaza simu kifudifudi.

Kesho yake asubuhi, hodi. Hodi ya kweli, ya mlangoni. Ni wifi yake, kutoka kijiji cha pili, ana beseni kichwani limefunikwa kanga. Mama akamkimbilia.

"Karibu wifi! Njoo uone wangu! Za huko?"

Wifi akatua beseni. Akafunua kanga.

Yalikuwa mayai. Alama ya mkaa. Msalaba. Rangi ya kucha. Kila moja lina tundu, na kwenye kila tundu ncha ya mdomo, na hakuna sauti.

"Na yako ilikwama?" mama akauliza taratibu.

"Kama yako, wifi. Saa ileile. Mimi nimo humo jukwaani, ila siandikagi. Nilikuwa nakusoma tangu ile hodi yako."

"Sasa mbona hukuuliza?"

"Niulize nini, na wewe umeshauliza? Walipokucheka nikaogopa zaidi. Nikasema, likija jibu lake, na langu limekuja. Nikafika pale pa 'Imekubali'. Nilifurahi, wifi, Mungu anajua nilifurahi. Nikangoja useme imekubalije." Akavuta kanga, akayafunika tena yale mayai. "Nikawa nafungua simu kuona kama umesema. Nafungua mashine kuona kama wametoka. Simu, mashine. Simu, mashine. Mpaka sauti zikanyamaza."

Basi. Mfano umeishia hapo.

Mmekuwa kimya, na wa mbele pia. Sasa nisikilizeni, maana hayo yalikuwa ya mama, haya ni yetu.

Sisi sote tumo kwenye majukwaa. Wauguzi mna lenu, walimu mna lenu, mafundi umeme mna lenu na mnagombana sana humo, nimesikia. Ukiwa na shida, ingia na hodi yako, wala usiiache, lakini itaje chumvi unayoitaka palepale mlangoni. Sema kilichoharibika, sema ulichojaribu, sema hata kile cha kijinga, kwa sababu mara nyingi ugonjwa umejificha kwenye kile cha kijinga. Anayekujibu halipwi. Ana tonge mkononi. Usimfanye akufukue kama kiazi.

Na wewe mwenye kofia, wewe unayejua, nakupenda, umechoka, nakuelewa. Swali hilohilo umelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Lakini unapomcheka mmoja anayeuliza, kuna wifi anasoma pembeni, naye anaamua kutouliza kamwe. Wewe humwoni. Beseni lake utaliona.

Na tukishapona, jamani? Hapo ndipo penye msiba wetu. Tunasimama hapa mbele kila Jumapili. "Nina jambo langu, mniombee." Jambo gani? "Mungu analijua." Ni kweli analijua, tena alilijua kabla hujasimama! Ila mbele yake ulishalisema chumbani kwako. Ukija mbele yetu, tuambie, huenda dawa ya jambo lako imekaa benchi la nne. Halafu baada ya mwezi, huyohuyo: "Wapendwa, lile jambo limekubali, Mungu ni mwema!" Tunapiga makofi, anakaa. Limekubalije? Uliacha nini? Ulimwendea nani? Ulikuwa unakosea wapi? Hatusemi, kwa sababu ndani ya jibu kuna aibu yetu ndogo, na aibu yetu ndogo tunaitunza kuliko mayai ya mwenzetu. Ukweli wenyewe ungekuwa sentensi moja. "Nilikuwa nafungua sana, acheni kufungua." Basi! Wangecheka kidogo, na kule kijiji cha pili sanduku lingejaa.

Mungu ni mwema. Tena wema wake alitaka upite kwa huyo mama uende kwa wifi, ukafika kwenye simu iliyolazwa kifudifudi, ukakwama.

Haya, maswali sasa. Naona Mama Msengi hakungoja, anakuja kabisa, ameacha viatu kule nyuma. Njoo, mama. Wapisheni. Umenyoosha mkono tangu naanza, lazima mfano umekugusa sana. Uliza, mama, usiogope, humu hatumcheki mtu.

"Bwana asifiwe, mchungaji. Spika ya banda la nyuma imenyamaza tangu pale ulipoomba radhi. Nimekagua waya wa kwetu, umechomekwa. Nimemfuata Ndugu Kitundu wa mitambo, kasema kwake taa zote zinawaka. Kwa hiyo nauliza moja tu: hicho kidude ulichokisukuma kwa kiwiko, kina kazi gani?"

Wapendwa. Tazameni hapo. Salamu fupi, shida, alichojaribu, swali lenyewe. Na hajasikia neno hata moja la mahubiri! Mimi nawasifu wa nyuma kwa utulivu, kumbe hawasikii kitu. Ngoja. Kitufe kipi, hiki? Tap. Haloo? Banda la nyuma, mnanipata? Mmoja anapunga mkono, wanapunga wote!

Imekubali! Mungu ni mwema! Sasa tusimame tuim...

Mama Msengi, mbona husogei? Mbona unanitazama hivyo?

Haya, mama, haya. Nasema, na kwenye spika zote mbili: imekubali kwa sababu nimeiwasha, na aliyeizima ni mimi.